Mshahara Unatoka Loima

Juzi nilikuwa nakunywa chai kwenye kibanda kando ya soko la mifugo, Lodwar. Karibu yangu aliketi mstaafu mmoja aliyeletwa huku na kazi ya serikali, akaiacha mapema na kiinua mgongo chake chote akanunulia mbuzi. Shati lilikuwa limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Mchungaji wa mbuzi wake akafika kutoka Lorugum bila mbuzi, fimbo tu mkononi.

"Ejok," mstaafu akamsalimu kwa Kiturkana. "Leo ni mwisho wa mwezi. Mbuzi wa kuuza yuko wapi?"

"Iko nyumbani, mzee. Imekonda. Ukiuza sasa, unauza mifupa."

"Na mimi nile nini?"

Mchungaji akainua fimbo kuelekea milima ya Loima. "Ngoja mvua. Mvua ndio mshahara yako sasa."

Mstaafu akageuka, akaitazama milima ile ikielea kwenye joto, mpaka chai yake ikapoa.

Sisi wa ofisini hudhani hata mbuzi anajua tarehe. Niliposimama kumuaga mstaafu, alinishika mkono bila kuniangalia.

"Hebu tazama pale juu," alininong'oneza. "Lile ni wingu, ama ni vumbi?"