Baba, Zakayo na Mfalme Daudi

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye kambi za vibarua huko Bahati, Jumapili ilikuwa na harufu yake: sabuni ya kipande, moshi wa kuni mbichi, na yale maziwa yaliyokwisha kutolewa krimu ambayo mzungu mwenye shamba aliwagawia wafanyakazi wake. Tukitoka kanisani tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka vumbi litufanye wote rangi moja. Kisha Baba alituita ndani tusikilize Agano la Kale.

Baba alikuwa mkamaji wa ng'ombe na mzee wa kanisa. Alipenda kusoma habari za wazazi: Eli aliyeshindwa kuwazuia wanawe, Yakobo aliyempendelea mtoto mmoja hadi ndugu zake wakamuuza, Daudi aliyenyamaza mwanawe alipomnajisi dada yake. Sehemu mbaya hakuziruka, hata Mama akikohoa. Kwake funzo lilikuwa moja tu: wazee hao hawakuwa na kiboko. Yeye alikuwa nacho, na aliyekijua zaidi ni kaka yetu mkubwa, Zakayo.

Siku moja ndama walimponyoka Zakayo wakaingia kwenye ngano ya mzungu. Baba alimchapa hadi shati likagandamana na mgongo. Kulipokucha, Zakayo hakuwepo. Miaka hiyo ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, Mwafrika kutembea bila pasi, karatasi ya ruhusa ya kusafiri, ilikuwa kujitafutia jela, au risasi. Mama aliendelea kuchuma maua ya pareto, akitazama barabara. Baadaye dereva wa lori la maziwa alituambia amemwona Naivasha, kwenye shamba la vitunguu karibu na ziwa.

Mama alitaka afuatwe. Baba akasema mwana mpotevu hurudi mwenyewe.

Jumapili moja akasoma habari za Absalomu mwana wa Daudi, jinsi alivyomwasi baba yake akauawa vitani. Alipofika pale Daudi anapomlilia, akasita, kidole juu ya mstari. Mama, ambaye hakujua kusoma, aliweka kando maharagwe aliyokuwa akichambua.

"Baba Zakayo," akasema, "huyo mfalme alimlilia wake akiwa maiti. Wako anapumua. Unangoja nini?"

Hatukuwa tumewahi kumsikia Mama akimjibu Baba juu ya Maandiko. Baba akafunga kitabu. Kesho yake aliomba ruhusa na pasi, akapanda treni.

Yaliyofuata alitusimulia Zakayo mwenyewe. Alipomwona Baba alirudi nyuma, jembe mkononi. Baba akaketi juu ya tuta la vitunguu na suruali yake ya kanisani.

"Sikuja kukuchukua," akamwambia. "Nimekuja kukuona."

Wakala mahindi ya kuchoma, wakizungumza habari za ng'ombe. Zakayo hakurudi kukaa nasi tena, ila Krismasi alikuwa akija. Neno samahani Baba hakulitamka hadi alipokufa. Lakini sisi wadogo hakutuchapa tena, na kila aliposoma habari za Daudi alimgeukia Mama, amwulize yeye anaonaje.

Siku hizi wajukuu zangu kule mjini, mtaa wa Section 58, hupokea mstari wa siku kwenye simu, umepambwa maua. Nikiwaanzishia habari za Absalomu, wananiambia mimi bibi yao, "Shosh, hiyo stori ni nzito." Wana bahati, hawajui kulala kifudifudi kwa sababu mgongo unauma. Hilo silitamani. Ninachokikosa ni kile chumba ambamo habari chungu ilisomwa mpaka mwisho, sote tukiwa tumeketi, na mtu mzima akaisikia ikimhusu.