Dubu Niliyemsomea Baba

Nisameheni mapema. Mwandiko wangu umepinda na herufi nyingine nimekosea. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Baba alivunjika paja boda ilipoteleza kwenye mchanga karibu na Kakuma, kwetu. Hospitalini Lodwar mguu wake ulifungwa kamba yenye mzigo wa kuuvuta unyooke, akaambiwa alale hivyo wiki nyingi. Mama alibaki na mbuzi. Mimi, binti mkubwa, nilimlisha na kumpelekea kopo la mkojo. Kila mara aligeuza uso ukutani. Na mimi sikujua niangalie wapi.

Kwenye dirisha la wodi kulikuwa na kitabu cha shule kilichochanika. Nikamsomea, kidole kikifuata maneno. Kulikuwa na mnyama wa nchi za baridi, dubu, mzito kama fahali. Baridi ikija analala pangoni miezi mingi. Moyo unapiga polepole sana. Hali, hanywi, hakojoi. Akiamka miguu bado ina nguvu, anajiendea.

"Hakojoi?" Baba aliuliza.

"Ndivyo imeandikwa."

"Soma tena hapo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, mvuvi wa Kalokol aliyefungwa jicho, alicheka. "Mzee, lala tu kama huyo. Ukiamka, mbuzi wako wote ni wangu."

"Utawalisha nini, samaki?"

Kesho yake Baba alikataa chai, akasema ameshiba. Mchana akakataa maji. Siku ya pili kopo lilikuwa kavu tangu asubuhi. Midomo yake ilipasuka, macho yakaingia ndani. Nilimwita, hakuitika. Nikaweka mkono kifuani pake. Moyo wa dubu hupunguza mwendo, lakini wa Baba ulikimbia kama mbuzi aliyeona fisi. Hapo nikaelewa. Ni mimi niliyemsomea.

Mbele ya watu huwa sauti yangu haitoki. Nilisimama nyuma ya nesi mpaka akageuka mwenyewe.

"Baba anajaribu kuwa dubu," nikasema.

Hakucheka. Alikuja, akavuta ngozi ya mkono wa Baba. Ikabaki imesimama. Akamtundikia dripu haraka, nami nikaangalia matone nikiogopa kupepesa macho.

Jioni Baba alifungua macho. Nesi akamuuliza kwa nini hanywi. Aliangalia kopo, halafu mimi, akageuza uso ukutani.

"Mtoto awe anatoka nje," mvuvi akasema. "Kopo nitashika mimi. Mzee, mimi nimebeba vitu vinanuka kukushinda."

Baba akaomba maji.

Baadaye nilisoma ukurasa niliouruka kwa sababu maneno yake yalikuwa marefu. Dubu hula msimu mzima kabla ya kulala, mpaka anenepe.

"Kumbe alikula kwanza," Baba alisema.

Sasa tuko nyumbani. Baba anatembea kwa magongo, na ule mguu umekonda kama fimbo ya kuchungia. Ananiuliza dubu hufanya nini miguu yake isikonde. Kitabu hakikusema, na naogopa kubuni. Anayejua aniandikie, kwa herufi kubwa. Nitamsomea yote, sitaruka neno.