Pole Iliyokwenda kwa Mchungaji

Siku yangu ya kwanza kazini, Mchungaji wa usharika wetu hapa Myamba alinionyesha mashine ya taipu, akanionyesha mhuri, kisha akanionya.

"Karani, barua zote zinazotoka hapa ni zangu. Wewe ni mkono tu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mchungaji."

Nilikuwa nimetoka kuandika mahudhurio ya wakata mkonge kule tambarare, upande wa Ndungu, kazi ya vumbi na jua kali. Ningekubali hata kuitwa kidole.

Vijana wa leo hamjui kaboni. Ni karatasi nyeusi unayoiweka katikati ya karatasi mbili nyeupe, ukipiga herufi juu, nakala inajitokeza chini. Na pale juu ya barua, kwenye kumbukumbu namba, zilikaa herufi kubwa za jina la bosi, kisha mstari wa mshazari, halafu herufi ndogo za mpiga taipu. Hapo tu ndipo nilipoonekana duniani.

Kazi kubwa ilikuwa barua za usharika rafiki wa Ujerumani. Mchungaji alikuwa hodari mimbarani, lakini kuandika, hapana. "Waambie tunaendelea vizuri," ananiambia, kisha huyoo, anakwenda kwenye shamba la kijiji, maana ilikuwa miaka ya Ujamaa na kila mtu alikuwa na zamu yake ya jembe. Mimi nabaki na kuwaandikia mambo yote: ukungu, kwaya, mbuzi aliyeingia kanisani siku ya Kipaimara. Yeye akirudi anatia sahihi bila kusoma. Kule, Sista mmoja aliyewahi kuuguza wagonjwa huku Upare ndiye aliyewatafsiria.

Mwaka mmoja bibi wa usharika ule, Mama Helga, alifiwa na mwanawe. Mchungaji akasema, "Mwandikie pole. Mistari mitatu inatosha."

Mistari mitatu! Mimi nilikuwa nimemzika Nakijwa wangu kabla ya mavuno, surua ilimchukua akiwa na miaka minne. Niliandika kurasa mbili. Niliandika jinsi nilivyomvika gauni la njano, na jinsi mama yake alivyokataa kufua shuka lake. Niliandika "mimi" na "mwanangu", kama barua zote nilizoandika kwa jina la Mchungaji. Naye akatia sahihi bila kusoma.

Miaka michache baadaye tukaalikwa Ujerumani. Tulikwenda watu watano, na mimi nilichukuliwa nibebe mkoba wa nyaraka. Tulipofika, waumini walitupungia mkono mimi na wenzangu, lakini Mchungaji walimkumbatia. Barua zangu zilikuwa zimebandikwa ukutani, ukumbi mzima. Watu walicheka kwa ajili ya yule mbuzi, wakampigapiga Mchungaji mgongoni. Naye akawa anacheka nao! Hakumjua hata huyo mbuzi. Kwa wivu nikaacha chakula mezani.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Jumapili, baada ya ibada, Mama Helga alikuja na mshumaa mkononi, machozi yakimtoka, akamshika Mchungaji mikono yote miwili. Sista akatafsiri: "Anasema, pole sana kwa Nakijwa wako. Kila mwaka anamwashia mshumaa pamoja na mwanawe."

Wenzangu waliinamisha vichwa. Mchungaji alikuwa na watoto wanne, wote wazima. Alinitazama. Kisha akasema, "Asante, Mama."

Jamani! Sifa angezichukua, mbuzi angemchukua. Lakini pole ya mwanangu? Nilisimama pale na mkoba wake, nikimwonea wivu mtu kwa machozi yanayomlilia mtoto wangu. Mkono hauna mdomo.

Tuliporudi, akaniagiza barua ya shukrani. Nikamtega. Niliandika kwa jina lake: "Mtoto yule si wangu. Ni wa karani wangu, na barua zote mlizozipenda ni zake." Nilijua atatia sahihi bila kusoma.

Siku hiyo akavaa miwani. Alisoma mstari kwa mstari. Nilijua kibarua kimeota nyasi.

"Haya nilipaswa kuyasema kule kule," akasema taratibu. "Aibu ilinishika, Baba Nakijwa." Hakuwahi kuniita hivyo. Akatia sahihi, akagonga mhuri mwenyewe.

Jibu lilikuja baada ya miezi. Mistari miwili ya pole kwangu, jina la Nakijwa likiwa limeandikwa vizuri. Kisha ukurasa mzima na nusu wa kumsifu Mchungaji: moyo gani huu, ukweli gani huu, nani mwingine angeweza kuandika barua nzuri namna ile!

Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Nilipomsomea, yeye alishika ile mistari miwili tu. Aliomba nimsomee mara tatu, kisha akaenda kulifua lile shuka.

Nimestaafu zamani. Mchungaji tumeshamzika, na wasifu wake uliosomwa kaburini, wenye sifa zote, niliupiga taipu mimi. Nikisema wivu umeisha nitakuwa mwongo. Ila maelezo haya hayana mshazari wala sahihi ya mtu mwingine. Nimeyaandika mimi, BABA NAKIJWA.