Bi Mizani na Kuku wa Mgane

Pale maabara ya mifugo walimwita Bi Mizani, wala hakuchukia. Miaka ishirini na miwili alikuwa akipasua kuku na kupima viungo vyao vya kinga: tezi za shingoni, wengu, na kale kafuko kadogo kalikojificha juu ya njia ya kinyesi. Hako, angekwambia, ndiko chuo cha askari wa mwili wa kifaranga. Na ole wako umletee kuku aliyeoza. Ungesemwa mpaka ujute kuzaliwa.

Asubuhi moja alikuja mzee, mgane, na kuku mfu ndani ya boksi la viatu.

"Kifaranga wangu amekufa, mwanangu. Nyumbani wamebaki arobaini. Wote ni kazi ya mikono ya marehemu mke wangu."

Bi Mizani akampasua. Kafuko hakaonekani! Alipokapata, kalikuwa kamesinyaa, hakazidi punje ya mchele. Kwa kifaranga, hiyo ni dalili ya gonjwa baya lililokwisha kukatafuna, na wale arobaini wangefuata. Akachukua fomu, akaanza kuandika: wachinjwe wote. Jamani, mkono ulivyokuwa mzito!

Mzee alimsoma usoni. "Niambie tu. Nimeshazika mimi, sitishiki."

Bi Mizani akainamia fomu asimtazame. "Alitotolewa lini, Baba?"

"Wiki tuliyomzika mama yenu. Mwezi wa pili. Mayai alimwekea kuku mwenyewe ayaatamie, hakuyaona yakianguliwa."

Bi Mizani akatazama kalenda ukutani: mwezi wa nane.

"Na bado unamwita kifaranga?"

"Si mdogo? Alidumaa tangu mwanzo."

Lo! Bi Mizani alitamani kujizaba kofi. Kupima kiungo bila kuuliza umri, kosa lile lile analowagombezea wanafunzi kila siku! Kafuko hukua wiki za mwanzo. Kakishafunza askari na kuwatawanya mwilini, kuku akipevuka, kanasinyaa kenyewe. Tezi za shingoni nazo zilikuwa zimepungua sawasawa na umri. Akapasua gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni: limeziba kwa majani makavu. Kilichomuua ni hicho. Fomu akaichana vipande vipande.

"Wenzake hawana neno, Baba. Huyu alizibwa na majani tu. Hakuwa kifaranga, alikuwa kuku mzima wa miezi sita."

Mzee akalifunika boksi polepole.

"Miezi sita," alisema. "Kumbe mke wangu ana miezi sita hayupo."

Hapo ndipo alipolia, na Bi Mizani akavua glavu, akavuta kiti, akakaa naye.