Jogoo Aliyekwenda Mjini Kubweka

Habari zilipotufikia Kagongwa kwamba mdogo wangu wa kiume amekuwa msanii mkubwa Shinyanga mjini, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mkubwa! Mtu aliyekuwa akipewa mistari yake ya pamba apalilie, anafika nusu na kulala mtaroni. Tangu atoroke, mistari hiyo nilipalilia mimi, na mgongo wangu haukuona usanii wowote ndani yake.

Baba hakucheka. Yeye alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, na kwenye mashindano ya baada ya mavuno watu walikuwa wakimkimbia mpinzani wake na kuja upande wetu. Kwetu hakuna mwamuzi wala kombe. Watu wanahama kwa miguu yao, na manju anayebaki peke yake ameshindwa, basi. Baba akatia mpini jembe jipya, akalifunga ndani ya gunia, akaniambia, "Tunakwenda kumsikiliza. Kama anapoteza wakati, anarudi na jembe hili." Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilijiona nimeshapumzika.

Tukapanda treni Isaka. Jumapili ile mchana kulikuwa na disko kwenye ukumbi mmoja karibu na soko, na mlinzi wa mlangoni, badala ya kumkagua baba na gunia lake, akamwamkia shikamoo.

Kisha akatokea mfalme mwenyewe. Jaketi zito, katika joto lile la Shinyanga! Kofia ameigeuza kisogoni, na shingoni ana mkufu mnene wa shaba. Jamani, watu wanafukiwa mashimoni Bugarama wakitafuta dhahabu, na huyu wa hapo jirani anakuja kuringia shaba. Wakabonyeza kaseti, mdundo ukaanza, naye akaanza kurap, yaani kusema maneno mbio mbio kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Alisema kwa Kiingereza. Kiingereza hicho alikitunga mwenyewe, kwa sababu cha shuleni kilimshinda, ninajua, tulikaa dawati moja.

Baba akaninong'oneza, "Mpinzani wake yuko wapi?"

"Hana mpinzani, baba. Ndiyo mambo ya kisasa."

"Sasa huyo anayemtukana ni nani?"

Baba akalivuta gunia karibu na miguu yake.

Halafu redio ikala kanda. Mdundo ukakoroma, ukafa. Vijana wakazomea, wengine wakaelekea mlangoni kununua miwa, na mdogo wangu akabaki na kipaza sauti mkononi. Nilimwonea huruma, nisiseme uongo. Kisha nikakumbuka mgongo wangu, huruma ikapoa.

Baba akainuka. Nilidhani anakwenda kumshika sikio. Wapi! Alikwenda kusimama kwenye ukuta wa pili, akamkabili mwanawe, akapiga sakafu kwa mguu na kuimba kwa Kisukuma: nilizaa jogoo, amekwenda mjini kubweka!

Loo! Wale vijana wote wa mjini, na suruali zao za kubana, kumbe walikuwa watoto wa ngoma tu. Waliacha miwa yao mlangoni wakahamia kwa baba bila kuambiwa na mtu. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika, kwa faida yangu.

Nilimtazama mdogo wangu nikijua sasa atalia. Lakini manju hashindani na mtoto. Akikuimbia, ujue amekuhesabu kuwa manju mwenzake. Nilimwona analielewa hilo polepole. Akavua jaketi. Akapiga mguu chini kama baba, ila maneno akayatoa kwa zile mbio zake za nyuki, Kisukuma kitupu: kama mimi nabweka, baba, wewe nani alikupandisha treni? Manju mzima umetoka Isaka kuja kusikiliza mbwa!

Ukumbi ulipiga kelele mpaka mabati yakalia. Wakaanza kuvuka kwenda kwake, wawili, watano, kundi zima. Nikabaki mimi na baba na gunia. Nilijua fika nini kimo ndani ya lile gunia na kilikuwa kinamngoja nani. Nilijiambia, dada, simama hapo hapo, usiwe mjinga. Naye akarudia ule mstari wa treni, kwa mbio zaidi, na miguu yangu, mbwa hawa, ikavuka.

Baba alibaki na ukuta wake. Akacheka mpaka akajifuta macho.

Jioni stesheni tulikuwa wawili tu. Nikamuuliza, "Kwa hiyo hatumchukui?"

"Mtu aliyenishinda mbele za watu, nitamrudishaje nyumbani?"

"Na jembe?"

Akanisukumia gunia mapajani.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "si ulivuka mwenyewe?"