Lensi ndefu ya Mutambo

Mutambo alikuwa mpiga picha wa mji wa Baraka, miaka ile ya Zaïre ambapo kila mtu alitakiwa kuwa na picha ya kadi ya kitambulisho. Alikukalisha kwenye kiti, akakusogelea mpaka uso ukajaa, basi. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mimi nilikuwa napita tu kwenda Swima, nikakaa kwake mwezi mzima, kwa hiyo haya niliyaona.

Mwezi ule viboko walikuwa wakitoka mtoni na kumaliza mpunga wa mke wake, Godelieve, na wa bamama wengine. Bunduki zilikuwa za askari peke yao. Na karani wa bureau, ofisi ya serikali, hakutaka kutuma askari. Akamwambia Mutambo, kwa lile neno la citoyen, mwananchi, ambalo kila mtu aliitwa siku zile:

"Citoyen, leta picha. Kiboko mu shamba. Maneno ya bamama haitoshi."

Mchuuzi mmoja kutoka Uvira alikuwa na lensi mbili za kuvuta mbali, fupi na ndefu. Alikubali kubadilisha moja na baiskeli ya Mutambo.

"Kamata fupi," akasema. "Ndefu inaleta kiboko karibu, lakini inakata vyote vya kando."

"Na fupi, nitasimama wapi?"

"Hatua makumi tatu hivi."

Godelieve akaruka. "Makumi tatu na kiboko! We papa, unataka nikuwe mujane na njaa juu yake?"

Mutambo alicheka, akamsukumia mchuuzi baiskeli. Akachukua ndefu. Mimi pia nilimshauri hivyo, Mungu anisamehe, nilifikiri ndefu ndiyo nzuri.

Alfajiri mbili hatukuona kitu. Ya tatu, kulipopambazuka, dume kubwa lilikuwa katikati ya mpunga, linatafuna bila haraka. Mutambo aliegemeza lensi kwenye mti wenye panda. Filimu ilikuwa imebakiza picha sita. Akafanya kama alivyozoea: akangoja uso ujae, akapiga. Zote sita. Alipozisafisha, hata nywele za mdomo zilionekana, akafurahi sana.

Karani alizigeuza moja moja.

"Muzuri kabisa. Masikio yote mbili inaonekana. Nimuandikie kadi? Jina ya baba yake ni nani?"

Bureau nzima ikacheka.

"Iko mu shamba, Chef."

"Shamba iko wapi? Mi naona kichwa. Inaweza kuwa iko mu maji."

Kweli, hapakuwa na jani hata moja la mpunga kwenye zile picha. Mutambo alizunguka Baraka yote akiomba filimu. Haikuwepo, wakamwambia angoje wiki mbili. Mchuuzi alikuwa amekwisha kwenda na lensi fupi Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu. Viboko hawakungoja mtu.

Siku ya tisa ya kungoja filimu, Godelieve alifunga sufuria yake ndani ya mkeka.

"Nakwenda Misisi, kupikia bachimbaji."

"Ngojea, mama. Filimu itafika."

"Ifike, utapiga nini? Mupunga haiko tena."

Hakumfokea. Alisema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, akajitwika mkeka. Mutambo aligeukia shamba. Nilimwona akihesabu kwa macho mashina yaliyobaki, safu kwa safu, mpaka yakaisha.