Pima ya Hospitali

Jumatano, tarehe 9 Oktoba 1985, nilimpoteza baba yangu. Alifia katika hospitali ya serikali, wodi ya wanaume, akingoja zamu yake ya kupasuliwa. Angepasuliwa Ijumaa. Naandika jinsi alivyofika kwenye mstari ule wa kungoja, kwa sababu nina sehemu yangu ndani yake na sijawahi kumwambia mtu.

Baba alikuwa mlinzi wa stoo ya mbegu ya serikali hapa Eldoret. Umri ulipofika wakampa barua, blanketi na sufuria kubwa, akarudi nyumbani kwetu upande wa Chepkoilel kuchunga ng'ombe wake watatu. Miaka yote ya kazi alikatwa bima ya hospitali kwenye mshahara, na kila mwezi kadi yake ikabandikwa stempu. Bima hiyo ilikuwa ya kulazwa tu. Ukiwa nayo, hospitali ya misheni ilikupokea na kukupasua wiki hiyo hiyo. Bila hiyo ulikwenda ya serikali, ambako hukulipa, lakini kitanda mlilala wawili na daktari wa kupasua alikuwa mmoja.

Siku ya kumuaga, karani wa mishahara alimweleza kwamba mshahara ukiisha bima nayo inaisha, isipokuwa mzee mwenyewe aende ofisi ya bima mjini aseme anataka kuendelea kwa hiari. Baba akafika nyumbani akasema, "Wameniambia niende niendelee na pima."

Nyumbani tuliongea lugha yetu, na katika lugha yetu b na p hazina mpaka. Lakini neno lenyewe lilikuwa la Kiswahili, hatukuwa na lingine.

"Upimwe nini, na wewe si mgonjwa?" Mama akamuuliza.

Baba akafikiri. "Labda wanataka kujua kama mzee bado ana nguvu, kabla wamwendeleze."

Mimi nilikuwa hapo, napukuchua mahindi. "Ni bima, Baba. Na b."

"Si ndiyo nimesema? Pima."

Tukacheka, tukaiacha hapo.

Aliniomba niende naye. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba, na nilishona sare za shule kwenye veranda ya duka mjini, kwa hiyo nilijua ofisi zilipo. Nilimwambia nina kazi nyingi. Ilikuwa kweli, shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Lakini sababu haikuwa hiyo. Dirishani pa ofisi ile alikaa msichana niliyesoma naye, ambaye yeye aliendelea na sekondari. Sikutaka aniangalie nikiwa nimesimama kando ya mzee anayesema pima. Niliona aibu juu ya baba yangu. Nikamwelekeza kwa mdomo tu, nikamwambia akipotea aulize watu.

Aliuliza. Mtu yeyote akisikia mzee anatafuta pima ya hospitali, atampeleka wapi? Walimwonyesha hospitali, na huko akapanga laini kwenye dirisha la maabara. Jioni alitusimulia kwa furaha.

"Msichana wa kule hospitali akaniuliza, 'Mzee, unataka pima gani?' Nikamwambia ile ya kuendelea. Akasema, 'Kuendelea na nini?' Nikamwambia, 'Na maisha, na nini ingine?' Laini yote ikacheka."

"Halafu?" Mama akauliza.

"Damu wakatoa, mkojo nikawapa. Serikali haitaki mchezo."

"Na choo?"

"Hiyo nimewawekea ya mwaka ujao."

Alikuwa amepewa karatasi yenye mhuri. Akaikunja ndani ya kadi yake na kuitia kwenye mkebe wa barua. Kabla hajaikunja niliishika. Niliona mhuri. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo, lakini juu kabisa kulikuwa na neno ambalo ningeweza kulisoma kama ningetaka. Sikutaka. Nilifurahi kwamba jambo limekwisha bila mimi.

Mwaka mmoja baadaye mkojo ulianza kumkataa. Kwanza alificha. Mwishowe akawa hawezi kukaa wala kulala, nikampeleka hospitali ya misheni. Karani wa pale akafungua kadi, akaona stempu ya mwisho ni ya mwezi aliotoka kazini. Baba akamsogezea ile karatasi.

"Mzee, hii ni ya maabara," karani akasema kwa upole. "Inasema mwaka jana ulikuwa mzima."

"Ndiyo. Nilikuwa mzima, wakaniruhusu niendelee."

Karani akaniangalia mimi. Kulipa wenyewe hatungeweza. Nikasema, "Twende, Baba."

Katika hospitali ya serikali walimwekea mpira wa kutoa mkojo, akaandikwa kwenye orodha ya kupasuliwa. Alingoja wiki tatu, akilala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, na mzee mwingine kutoka mtaa wa Pioneer aliyekohoa sana. Siku moja nikimpa uji aliniuliza, "Ile karatasi ilikuwa na makosa gani?"

"Uliingia ofisi siyo, Baba. Ilifaa nije na wewe."

"Ulikuwa na kazi," akasema.

Nikajibu, "Ndiyo." Hilo ndilo lililobaki kati yetu.

Sijui kama hospitali ya misheni ingemponya. Daktari alisema figo zilikuwa zimechoka zamani. Sitaki kujitwisha zaidi ya lililo langu, wala pungufu.

Wiki mbili baada ya mazishi nilimpeleka Mama ofisi ya bima. Yule niliyesoma naye alikuwa bado dirishani. Alinitambua, akanipa pole, akavuta kiti karibu. Nikamuuliza yote ambayo tungeuliza zamani. Alisema kama kadi ya Baba ingekuwa hai, Mama angelazwa kwa jina la mumewe. Sasa anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa hiari, alipe kila mwezi. Kadi haitafanya kazi mara moja, lazima angoje kwanza. Na ni ya kulazwa tu, dawa za kwenda nazo nyumbani hazimo.

"Na wazee hamkatai?" Mama akauliza kwa Kiswahili chake kidogo.

"Hatukatai, Mama. Mradi usiruke mwezi."

Nilimwomba arudie, nikamtafsiria Mama neno kwa neno, kwa sauti, watu wa laini wakisikia. Mama akaniambia nimwulize kama akikosa mwezi mmoja anarudi mwanzo. Nikauliza. Karani akasema ndiyo, anaanza kungoja upya. Mama akatikisa kichwa kwamba ameelewa.

Hakujua kuandika. Karani akafungua kibweta cha wino, Mama akabonyeza kidole gumba, akakiweka mahali pa sahihi. Alama ya kwanza haikutoka vizuri, akaambiwa arudie. Akarudia. Karani akampa kipande cha gazeti afute kidole.